Rupia ya Arap Sitonik

Kipyegon alitumwa kitu kimoja tu: achukue maziwa kwa jirani, arudi kabla giza halijaingia. Kwake Boito, mkewe Chepkosgei alikuwa amejifungua, na wamama wa ukoo walishaketi kumpa mtoto jina. Wangeita wazee waliokufa, mmoja mmoja, wakimnusisha mtoto tumbaku kidogo. Akipiga chafya, basi mzee huyo ndiye amerudi.

Lakini tamaa, jameni! Begani alibeba mashine ya kutafuta chuma ardhini, aliyoazimwa na Njenga, muuza vyuma vikuukuu wa Silibwet. Mwaka huo wa tisini na sita kila mtu alisaka rupia za zamani, sarafu za mkoloni zilizosemekana kuwa na bei kubwa. Kipyegon akakata kona, akaingia boma lililoachwa nyuma ya majani chai.

Boma lilikuwa la ndugu ya babu yake, Arap Sitonik, mchawi aliyekufa bila mtoto. Kwao jina hilo halikutajwa hata kwa mzaha.

Mashine ikalia.

Ngiii...

Akachimba kwa panga. Harufu ya tumbaku ikapanda kutoka shimoni. Kisha akaiona: rupia ya fedha, nzito, baridi sana. Furaha ikampanda kichwani. Akaitia mfukoni, akacheka.

"Haya, Arap Sitonik, twende nyumbani!"

Vyura wote wakanyamaza.

Nyumbani hakusikia vigelegele. Mama yake alimdaka mlangoni.

"Mtoto amepiga chafya."

"Si ni vizuri, mama?"

"Hatukuwa tumeita mtu." Akamshika mkono. "Na sasa amekataa titi. Tumeita babu yako, tumeita wote. Wapi! Kipyegon, umetaja nani huko nje?"

Akatoa rupia, akaitupa mbali gizani.

Ndani, mtoto akakohoa. Kikohozi kizito, cha mzee.

"Mfukuzeni, mama!"

"Ameshafika," mama akanong'ona. "Aitwe akae, ama aondoke na mtoto."

Midomo ya mtoto ilikuwa inageuka rangi. Chepkosgei akapiga kelele, "Mwite! Hata awe nani, mwite! Mtoto wangu anakufa!"

Kipyegon akapiga magoti.

Akalitaja jina lile.

Mtoto akadaka titi, akanyonya kwa nguvu, macho wazi, yakimtazama Kipyegon bila kupepesa.

Mama yake Kipyegon akajifunga shuka, akatoka bila kuaga. Kipyegon alimshukuru Mungu kwa aibu, lakini kwa moyo wote. Mtoto alikuwa hai.

Chepkosgei hakuthubutu kuangalia chini.

"Kipyegon," akanong'ona, "ninanyonyesha nani?"