Mguu Uliokanyaga Breki

Mutwalibu alijua kuna jambo haliko sawa pale mafuta ya breki yalipomrukia kidevuni. Mafuta hayatoki kwa nguvu namna ile mpaka pedali ikanyagwe, na ndani ya gari hapakuwa na mtu.

Ilikuwa baada ya adhuhuri, jua la Busia limechachamaa. Alikuwa amelala chali chini ya gari lake kuukuu, upande wa nyuma, lililoinuliwa na jeki, spana mkononi. Asubuhi nzima alikuwa akibadilisha breki za nyuma: ametoa breki shuu zilizolika, ameweka mpya, na silinda ndogo iliyokuwa ikivuja ameibadilisha pia. Ilibaki kutoa hewa kwenye mafuta, kazi ya watu wawili: mmoja akanyage pedali, mwingine afungue skurubu. Mtu mwenye akili angeita fundi. Lakini Mutwalibu aliendesha malori tangu ujana na hakuwahi kuruhusu mkono wa fundi uguse gari lake. Miaka thelathini, aliyemkanyagia alikuwa mkewe, Zainah, na Zainah alikuwa amezikwa miezi minne iliyopita.

Mazoea ni kitu kibaya. Alipokuwa tayari, alipaza sauti kama siku zote: "Kanyaga, Mama Habibah!"

Kiti cha dereva kikalia, kama kilivyolia kila Zainah alipokikalia. Ndipo mafuta yakaruka, yamejaa mapovu.

"Nimekanyaga," sauti ikasema ndani ya gari.

Mutwalibu alitaka kujivuta atoke chini ya gari, lakini harufu ya iliki aliyokuwa akitafuna Zainah ikamfikia pale chini, na nyuma ya iliki ile kulikuwa na harufu nyingine, ya udongo uliofukuliwa sasa hivi, naye akatambua, kwa aibu, kwamba alikuwa na furaha, kwa sababu kwa miezi minne hakuna mtu aliyekuwa amemwitikia katika ua ule.

"Achia," akanong'ona.

"Nimeachia."

Wakamaliza magurudumu yote mawili hivyo hivyo.

Jirani yake Nereah, Mkenya aliyekuwa akivuka mpaka kila siku kuuza omena, dagaa wa ziwani, alichungulia juu ya ua. "Mzee, huyo mama amekaa kwa gari ni nani? Nimemsalimia mara tatu, hata hageuki."

"Mgeni tu," Mutwalibu akasema bila kumtazama.

Ijumaa alitakiwa kwenda Tororo kumchukua binti yake, Habibah, na kichanga chake. Kwa hiyo kabla jua halijatua alilijaribu gari kwenye barabara ya Lunyo. Breki zilishika vizuri, vizuri kupita kiasi. Gari lilisimama kabla mguu wake haujafika kwenye breki.

"Kwa Habibah hatuendi," sauti ikasema kutoka kiti cha nyuma. "Mtoto wa nini? Si tuko wawili?"

Zainah alikufa akimtaja mjukuu huyo kabla hajazaliwa. Hapo Mutwalibu alijua aliyeketi nyuma yake si mkewe, na akaogopa kweli. Aliliacha gari barabarani, akaenda kwa miguu mpaka kwa Ustadh Huzaifa, mwalimu wa madrasa, wakarudi pamoja garini.

Huzaifa alisoma Kurani kwa muda mrefu, akanyunyiza maji kwenye viti. Kisha akamgeukia. "Mzee, maiti harudi. Wewe uliita mtu amekufa, kitu ingine ikaitika. Mimi nasoma, lakini ya kufukuza ni wewe. Sema haumtaki."

Mutwalibu aliweka kiganja kwenye kiti cha dereva, mahali alipokuwa akikaa Zainah.

"Sikutaki," akasema hatimaye, akaangua kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi. Milango yote minne ikafunguka kwa pamoja. Harufu ya udongo ikawapita, ikapotelea shambani.

"Usiita tena," Huzaifa akasema kwa sauti ndogo. "Ikirudi, haitoki. Na itaanza na ule mtoto."

Mafuta yote ya breki yalimwagwa, kazi ikarudiwa. Safari hii alikanyaga Nereah, akilalamika mwanzo hadi mwisho: "Nimekanyaga, mzee! Harakisha, mguu unaniuma!"

Ijumaa Mutwalibu akawaleta Habibah na mtoto salama. Kwa siku nne nyumba ilinuka maziwa na poda ya mtoto, na Mutwalibu alimbeba mjukuu wake hadi mkono ukachoka. Mume wa Habibah alipokuja kuwachukua, Habibah alimshika baba yake mkono.

"Baba, njoo ukae na sisi Tororo. Hapa unabaki na nani?"

"Nimezoea hapa."

"Basi Ijumaa ijayo utatufuata?"

"Nitawafuata."

Kesho yake Nereah alikuwa sokoni ng'ambo. Mutwalibu alikula peke yake, akaosha sahani moja, akakaa barazani akisikiliza ua usio na sauti. Kisha akaenda kutoa jeki. Breki hazikuwa na ubovu wowote, alilijua hilo. Akainua gari, akalala chali, akaweka spana kwenye skurubu.

Simu ikaita mfukoni. Ilikuwa ni Habibah bila shaka. Akaiacha iite mpaka ikanyamaza yenyewe.

"Kanyaga, Mama Habibah," akasema polepole.

Kiti cha dereva kikalia.