Chora Mkasi Kwanza

Kila Alhamisi baada ya mapumziko, darasa la sita waliandika insha. Wiki hii mwalimu aliwataka kila mmoja aje na kitu cha nyumbani, akiweke juu ya dawati, aandike habari zake. Insha itakayopendeza zaidi ingebandikwa ukutani, wazazi waisome siku ya kikao.

Msichana mmoja waliyemwita Kalamu hakuwa na wasiwasi. Ukuta ule aliuona kama wake. Alikuja na mkasi wa shangazi yake, fundi cherehani, akausukuma kando, akaandika mbio: "Ilikuwa asubuhi na mapema, jua likichomoza kwa madaha, ndege wakiimba nyimbo tamu..."

Mwalimu alisoma, akageuza ukurasa, akarudi mwanzo.

"Ndege nimewaona. Mkasi uko wapi?"

"Uko mstari wa mwisho, mwalimu."

"Na hawa ndege umewatoa wapi?"

Kalamu akainamisha kichwa. "Nimewakariri, mwalimu. Naanza nao kila insha."

"Kalamu imeishiwa wino!" akadakia mvulana wa dawati la nyuma. Darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu akamrudishia daftari. "Nenda nyumbani ukauchore huu mkasi. Ukishauchora, ndipo uandike. Kesho asubuhi nabandika. Usipoleta, nabandika ya mwingine."

Alasiri Kalamu aliketi karibu na cherehani, akachora. Makali mawili, skrubu ya katikati, matundu mawili ya vidole. Akafuta. Tundu la gumba lilikataa kutoka sawa, maana lilikuwa limeviringishwa vitambaa. Akakaza macho: cheupe juu, cha buluu chini yake, na chini kabisa kaki iliyochakaa. Akaingiza gumba lake la kulia. Unene wa vitambaa ulikuwa upande ambao gumba halikuugusa.

"Shangazi, mbona umeufunga kombo?"

"Kombo kwako wewe." Shangazi akauchukua kwa mkono wa kushoto, akapasua kitambaa, kraa! "Mikasi hutengenezewa watu wa mkono wa kulia. Nisipoufunga, unanila gumba. Kitambaa kikichakaa, naongeza kingine."

"Kumbe unatumia kushoto!"

"Haya makubwa! Miaka sita unakula kwangu, leo ndiyo unaniona?"

Kalamu alicheka, lakini aibu ilimshika. Akavuta daftari.

Kesho yake alisimama mbele ya darasa, akasoma: "Shangazi yangu anawakatia watu nguo kwa mkasi usiomtaka." Akaendelea hadi mwisho. Yule mvulana wa nyuma akaomba mkasi wa mwalimu, usiofungwa vitambaa, akajaribu kukata karatasi kwa mkono wa kushoto. Karatasi ikajikunja tu.

"Unauma kweli," akasema, akisugua gumba.

Mwalimu akaibandika insha ile, na mchoro wake pembeni, alama za kufutafuta zikionekana.

"Maneno ya kukariri yeyote anaweza kuyaandika," alisema. "Lakini shangazi huyu asingeandikwa na mtu ambaye hakukaa akamwangalia. Ukitaka kuandika vizuri, mwanangu, angalia kwanza, na uandike ulichokiona kweli."