Jiwe la Langoni

"Jiwe lako, shemeji, limemfukuza mwanangu shule," alisema mshonaji.

"Tangu lini jiwe likawa na miguu ya kumkimbiza mtu?" fundi mwashi alimjibu.

"Miguu halina. Wenyewe linao, nao wana miguu."

Kila mmoja alisimama upande wake wa ua, na mtaa mzima ulitega sikio. Majirani hawa zamani hata kwa kikohozi walipeana pole.

Fundi alikuwa mjane. Marehemu mkewe alikuwa mfagiaji wa shule ya serikali pale mtaani. Alipofariki, fundi alichonga jiwe refu, akaliandika aya ya dini yao, akalisimamisha langoni mwa shule. Mwalimu mkuu alishukuru. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Watoto wakaanzisha mchezo: kuligusa jiwe kila asubuhi kabla ya kuingia. Mchezo ukageuka sheria. Asiyegusa alizomewa. Binti wa mshonaji alikuwa wa dini nyingine, akawa anapenya kwenye tundu la ua wa nyuma. Siku sare ilipochanika, alikataa shule kabisa.

"Si aguse tu," fundi alisema. "Litamuuma?"

"Na wewe ukilazimishwa kugusa langu?"

Fundi alimpa mgongo. Aliingia ndani. Nyumba ilikuwa kimya, bomba tu likidondosha maji. Kwake yeye, kila mkono uliogusa jiwe ulikuwa salamu kwa mkewe. Likiondoka, nani atamkumbuka?

Kesho yake ofisa elimu, mama mmoja mcheshi, alifika shuleni kwa habari ya jiwe. Alimkuta fundi langoni.

"Baba, shule hii imejengwa kwa kodi ya nani?"

"Yetu sote."

"Basi ni ya wote. Serikali ikiweka jiwe la dini moja langoni, inawaambia watoto kwamba hawa ndio wenye nyumba, wale ni wageni."

"Kwa hiyo watoto wasisali?"

"Nani kasema? Mtoto akitaka kusali, asali. Hakuna wa kumzuia, wala wa kumlazimisha. Ila uwanja wa shule hausimamii dini ya mtu. Leo mko wengi ninyi. Kesho wakizidi wengine, wajukuu zako ndio watakaopita tunduni."

"Na mke wangu?"

"Alifagia madarasa ya watoto wa dini gani?"

Fundi alilitazama jiwe. "Ya wote. Hakubagua vumbi."

Kamati ya shule ilikutana, ikaamua jiwe lihamishwe. Fundi aliling'oa mwenyewe, akalipeleka kwenye nyumba yao ya ibada, ambako lilipokewa kwa heshima. Shimo lililobaki langoni akalijaza kokoto, akalishindilia vizuri.

Jumatatu binti wa mshonaji alipita langoni pamoja na wenzake. Hakuna aliyezomea. Walikuwa wakibishana kuhusu hesabu.

Jioni fundi alikaa kibarazani peke yake. Alijiona kama mtu aliyezika mara ya pili. Mshonaji akasogea uani.

"Shemeji."

"Naam."

"Unajua marehemu alikuwa akimaliza kufagia shule, ananifagilia na kibaraza changu? Halafu ananisengenyea mtaa mzima, na wewe umo."

Fundi alicheka bila kutaka. "Alisemaje?"

"Mengi. Lakini sitayapayuka hapa uani watu wasikie. Chakula kiko mezani na binti ameshanawa. Ingia tule."