Majani ya Manjano Yaliyoachwa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Faayo alitoka na ndoo kwenda kuchota maji, ikamponyoka. Mibuni yake yote kumi na miwili ilikuwa uchi. Buni changa za Agosti zilining'inia bila jani bichi la kuzifunika.

Koplo Ayantu alipofika kutoka Harar saa mbili, watu walishampata mwizi: bibi Halimo wa jirani, mpenzi wa kuti, chai ya majani ya mbuni. Kikapu chake kilikutwa kimejaa majani. Faayo, rafiki yake wa miaka thelathini, alishamrarulia shela, na wazee walishasema ikithibitika atahama kijiji.

"Jizi we! Buni zangu zitakula nini sasa?" alilia Faayo.

Hapo hakukosea. Jani bichi ndilo jiko la mbuni. Jua hupika humo, tunda likala.

"Wallahi sijagusa, afande," Halimo alisema.

Kikapuni mlikuwa na majani makavu ya manjano. Ayantu akaikagua mibuni, akapigwa na butwaa. Majani machache yaliyoachwa yalikuwa ya manjano matupu, na kila ncha ya tawi ilikuwa imekatwa kwa ukucha.

Akawapeleka kwenye mbuni wa Halimo mwenyewe, uliokuwa na majani tele.

"Bibi, nichumie jani la kuti."

Halimo aliinama, akachuma la manjano. "Bichi la nini? Halina ladha hilo."

Ayantu akamgeukia kijana aliyesimama kando ya Faayo. "Na wewe, kaka, hebu chuma. Upesi!"

Nure, mwana wa Faayo, kibarua wa kuchuma mirungi, alicheka, akanyoosha mkono juu na kukata ncha changa kwa ukucha wa gumba, kama afanyavyo kila siku. Kisha kicheko kikamkauka.

"Hivyo ndivyo mirungi inavyochumwa," alisema Ayantu.

"Mungu wangu! Nure?"

"Kahawa mavuno mara moja kwa mwaka, mama! Nimekuomba tung'oe tupande mirungi, hutaki. Nikasema ikifa utakubali."

"Na Halimo je? Angefukuzwa!"

"Kila mtu anajua kikapu chake. Nilijua utaamini."

Faayo alijiziba mdomo kwa kiganja. Baadaye akavua shela yake, akataka kumfunika Halimo mabegani. Halimo akausukuma mkono.

"Miaka thelathini, Faayo," alisema, akiokota kikapu chake. "Hukuniuliza hata swali moja."