Mashavu ya Wytse

Grisi ilionekana Jumamosi saa tisa alasiri, mlingoti mrefu wa mashindano ya kuruka mfereji ulipolazwa nyasini. Ilikuwa imepakwa juu kabisa, mahali anapofika Wytse peke yake anapouparamia ukiinamia ng'ambo. Muda mfupi kabla, Wytse aliteleza hapo hapo akatumbukia majini, akiwa karibu kuivunja rekodi ya Durk, baba yake mzazi.

Konstebo Tjitske alikuta kamati ya mashindano imeshampata mbaya wake: Hylke, mpinzani wa Wytse. Klabu hurekodi kila mruko kwa mwendo wa polepole ili kusahihisha makosa, na simu ya mwenyekiti ilimwonyesha Hylke akipitisha kitambaa kwenye mlingoti, taratibu, akitabasamu.

"Tazama anavyojichekea," mwenyekiti alisema. "Leo hii tunamfukuza."

"Nilifuta maji tu, afande," Hylke alisema. "Kila mtu hufuta akimaliza. Kwa mwendo huo hata mchungaji akipiga chafya mtasema kalewa."

Tjitske aliicheza video kwa kasi yake ya kawaida. Kitambaa kilipita mara moja, tena usawa wa kifua, na tabasamu halikuonekana kabisa. Alimhurumia kijana wa watu. Ule mwendo wa polepole wa picha ndio uliompa nia asiyokuwa nayo.

Kisha akafungua video ya mruko wa Wytse, akapunguza kasi tena. Mikono ilikuwa bado haijafika kwenye grisi, lakini mashavu yalikwisha kujaa hewa.

Alimkuta Wytse amejifunika taulo kando ya kiti cha magurudumu cha baba yake. Tangu apate kiharusi, Durk aliongea kwa shida, ila wapita njia bado walimsalimu, "Bingwa, habari za leo?"

"Anayeteleza ghafla hupiga kelele," Tjitske alisema. "Wewe ulibana pumzi kwanza. Ulijuaje kwamba unakwenda majini?"

Wytse aliinama. "Nilipaka mwenyewe asubuhi. Mzee amebakiwa na hiyo rekodi tu. Ningekataa kuruka, wangeniuliza sababu."

"Na Hylke?"

"Sikudhani watamshika mtu." Machozi yakamtoka.

Durk aliinua mkono wake mzima, akajaza mashavu hewa, akamnyooshea mwanawe kidole. Yeye hakuwa ameangalia simu yoyote.

"Nilikuona," alisema kwa taabu. "Nani... alikufundisha kubana pumzi? Nenda kamwombe Hylke radhi. Halafu siku nyingine... uje univunjie hiyo rekodi. Imenichosha."

Wytse akaenda, peku, mbele ya watu wote.