Kikohozi Nyuma ya Jipsamu

Doa lilikuwa linalowa siku za jua. Mvua ikinyesha lilikauka, likabaki alama ya rangi ya chai kwenye ukuta mweupe. Jua likiwaka wiki nzima, ukiligusa unatoka na vidole vimelowa. Mshonaji aliligundua alipokuwa akisafisha chumba cha mama yake, aliyekuwa amelazwa hospitali kwa ugonjwa wa mapafu. Ajabu ya doa lenyewe hakuiwaza sana. Alichowaza ni maneno ya daktari kwamba mama huyo akirudi kulala kwenye unyevu, wasihangaike kumleta tena, watakuwa wamechelewa.

Nyumba ilikuwa ya matofali, lakini aliyeijenga alipenda urembo, akafunika kuta za ndani kwa mbao za jipsamu. Kwa hiyo palihitajika fundi wa jipsamu, na kama umewahi kutafuta fundi unajua kwamba kumpata si kazi, kazi ni kumpata wa kweli. Wa kwanza alisimama mlangoni, jicho moja kwenye doa, jingine kwenye simu, akasema hilo ni la kupaka rangi tu, kesho hulioni. Mshonaji alimuuliza maji yanatoka wapi. Akajibu kwamba maji ni maji. Mshonaji akamshukuru, akamfungulia geti.

Wa pili walimwita Fundi Chaki, kwa sababu alikuwa na vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Huyu aliomba kiti, akakaa mbele ya ukuta kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa. Alieleza bila haraka kwamba ufa mwembamba kwenye maungio unabandikwa utepe na kupakwa plasta, na tundu la msumari linazibwa likapigwa msasa. Ila ubao ulionyonya maji haufai tena. Huo unakatwa mpaka kwenye fremu, chanzo cha maji kinatafutwa, nyuma panaachwa wazi pakauke, ndipo ubao mpya unafungwa. Anayefunga mapema, alisema, anafungia ugonjwa ndani. Mshonaji alikwenda kuona kazi zake kwa majirani, akapitisha kiganja kwenye kuta laini zisizoonyesha hata palipoungwa, akarudi kumpa kazi.

Fundi Chaki akaanza kugonga ukuta kwa vifundo vya vidole, akitafuta fremu kwa sikio. Alikuwa na mazoea ya kusema "hodi" kila anapogonga, utani wa kujifurahisha peke yake. Mshonaji alikuwa sebuleni kwenye cherehani, amezungukwa na sare za shule za watoto wa watu, akimsikia na kucheka kidogo. Baadaye msumeno ulilia, ukanyamaza. Nyumba ikatulia. Kisha ikaja hodi nyingine, ya sauti ya chini, yenye adabu zote.

"Karibu, pita ndani," aliitikia bila kuinua macho, kama anavyowaitikia wateja wake kutwa nzima.

Hakupita mtu. Muda kidogo Fundi Chaki aliingia kutoka uani, mikono imejaa vumbi la ubao, na Mshonaji akamtania kwamba leo amekuwa mgeni wa kubisha hodi halafu haingii. Fundi akasema yeye yuko uani tangu alipomaliza kukata. Wakatazamana, wakaenda chumbani pamoja. Tundu lilikuwa pana kama mlango wa kabati, na nyuma yake, kati ya jipsamu na matofali, kulikuwa na nafasi nyeusi ya kumtosha mtu mwembamba. Hapakuwa na bomba. Hapakuwa hata na unyevu. Kulikuwa na harufu tu, ya nywele zilizolowa zikakaa muda mrefu bila kukaushwa.

Fundi alitaka paachwe wazi siku kadhaa. Lakini hospitali ilikuwa imeshapiga simu kwamba mama anaruhusiwa kesho, kitanda kinahitajika, na Mshonaji hakuwa na chumba kingine cha kumlaza.

"Funga leo leo, fundi," alisema. "Mama yangu hawezi kulala na hilo tundu."

Fundi alifunga. Alikaza skrubu, akabandika utepe, akapaka plasta, akapiga msasa, na safari hii hakusema hodi hata mara moja.

Mama alirudi akikohoa kikohozi chake chembamba cha mfululizo, ambacho Mshonaji alikizoea kuliko mlio wa cherehani yake. Kulipokucha hakikuwepo. Mama alikuwa ameketi kitandani, mgongo wima, anautazama ukuta mpya. Alikula akamaliza, akatembea mpaka uani bila kushikwa mkono. Daktari alifurahi, majirani wakafurahi, na kaka yake Mshonaji, ambaye siku zote huja kuona mgonjwa huku funguo za gari ziko mkononi, safari hii alikaa mpaka akaongezewa chai.

Mshonaji naye alifurahi, kwa siku mbili tatu. Kisha vitu vidogo vikaanza kumkereketa. Mama hakutaka chumvi kabisa kwenye chakula, jambo ambalo daktari mwenyewe alikuwa amelihimiza, sasa mtu utalalamikia nini? Alitunga uzi kwenye sindano mara moja tu, bila miwani. Na hakumwita tena "mama". Tangu utoto Mshonaji aliitwa hivyo na mzazi wake, kama wazazi wengi wanavyowaita binti zao kwa mapenzi. Sasa alikuwa "wewe".

Alasiri moja mtaa ulikuwa kimya, na cherehani ilikuwa imesimama kwa sababu uzi umekatika, akasikia kikohozi, kile kile, chembamba, cha mfululizo, lakini kimefifia kama cha mtu aliyejifunika blanketi mpaka kichwani, akainuka akaenda chumbani akitumaini, ndiyo, akitumaini na kuona aibu kwa kutumaini huko, kwamba atamkuta mama ameinama anakohoa, na alimkuta ameketi wima, mdomo umefungwa, anatabasamu, huku kikohozi kikiendelea nyuma ya jipsamu, usawa wa kitanda, kikitulia kuvuta pumzi na kuanza tena, na harufu ya nywele mbichi ikazidi kupanda mpaka akahisi kana kwamba kuna mtu amemwegemezea kichwa usoni.

"Umesikia nini?" mama aliuliza.

"Sijasikia kitu."

"Vizuri."

Alimpigia kaka yake simu akiwa uani, kwa sauti ya kunong'ona. Kaka alicheka, kisha akakasirika. Mgonjwa kapona, alisema, wewe unatafuta nini tena? Akamshauri alale vizuri.

Ndipo alipomwita Fundi Chaki. Alikuja na msumeno wake, akaweka sikio ukutani, na hakukaa sana. Alirudi nyuma, jasho limechora michirizi kwenye vumbi la uso wake.

"Dada," alinong'ona, "humu kuna mtu."

"Ni mama yangu."

Fundi hakuuliza yule wa kitandani ni nani. Wa kitandani mwenyewe ndiye aliyesema, kwa sauti ya upole. "Fundi, kazi yako nzuri. Iache ilivyo." Kisha akamgeukia Mshonaji. "Ukifungua, unarudi kuuguza. Kukesha, kufua mashuka, kuchungulia kila kitambaa kama kina damu. Mimi nimekupumzisha. Ulinikaribisha mwenyewe, na nimekuwa mgeni mzuri. Nimekukosea nini?"

Na ukweli lazima usemwe, Mshonaji alisita. Alikuwa amechoka, uchovu wa miaka, na huyu mzima asiyekohoa alikuwa na uso ule ule wa mama yake. Angeweza kuishi naye. Angehamishia cherehani upande wa pili wa nyumba, asisikie chochote. Nyuma ya jipsamu kikohozi kilikatika, kikakaa kimya muda mrefu kuliko siku zote, na hofu ya kwamba hakitaanza tena ndiyo iliyomfungua mdomo.

"Kata."

Fundi alikata, na ubao ulipoanguka harufu iliwapiga usoni, ndani wakaona giza na matofali tu, wala si mtu, lakini ubaridi ulipita katikati yao ukaelekea kitandani, yule mwanamke akapinda mgongo, pumzi ndefu isiyo yake ikamtoka kinywani, dirisha likajibamiza, akaanguka kwenye mto na kukohoa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Mama," alisema, akipapasa kutafuta mkono wa binti yake. "Miwani yangu iko wapi?"

Mshonaji alimkumbatia akalia, na hajawahi kufurahia kitu kama alivyofurahia kikohozi kile. Fundi Chaki hakungoja shukrani. Aliokota ubao ulioanguka, akatafuta skrubu, akitaka azibe haraka aondoke zake. Mama aliinua mkono kumzuia.

"Mwambie asifunge kwanza, mama," alimwambia binti yake taratibu. "Mle ndani sikuwa peke yangu. Wenzangu bado wanatoka."

Macho yake yaliyochoka yalikuwa yakiwafuata, mmoja baada ya mwingine, kutoka ukutani hadi mlangoni, na kila mara aliinamisha kichwa kidogo kama mtu anayepokea salamu. Fundi Chaki, aliyekuwa amerudi nyuma hadi mlangoni na ubao mkononi, alijibanza pembeni kuwapisha.