Ukurasa wa Mjomba Abeid

Asubuhi ile Mjomba Abeid alipofariki, Shadya alikuwa akifagia uwanja nyumbani kwao Kichangani, mjini Morogoro. Mama yake, Bi Mwajuma, alikuwa jikoni akitwanga iliki ya kwenda nayo sokoni. Simu ikaita kutoka Kinole, kule milimani. Mchi ukanyamaza. Shadya alijua kabla hajaambiwa, kwa sababu mama yake hakuwa na kawaida ya kuacha kazi katikati.

Mjomba Abeid alikuwa akilima mdalasini na pilipili manga, naye dada yake, Bi Mwajuma, akiviuza. Kabla ya kuugua alikuwa ameshikwa na wazo moja: tovuti, ili wanunuzi wa mbali waone viungo vya Kinole bila kupitia kwa madalali. Alikwisha kununua jina la tovuti na kuweka ukurasa wa muda. Ulikuwa na picha yake ameshika gome la mdalasini, na maneno haya: "Subirini kidogo, tunakuja. Abeid." Shadya ndiye aliyempiga picha hiyo.

Arobaini ilipofika, ukoo ulikutana Kinole. Kwa desturi yao, jina la marehemu haliachwi lipotee. Hurithiwa na mtoto wa dada yake. Safari hii lilimwangukia Mikidadi, mtoto wa mama mkubwa wa Shadya, kijana fundi simu wa pale mjini. Tangu siku ile akaitwa Abeid. Bi Mwajuma, ambaye juzi tu alimtuma chumvi dukani, akaanza kumwita kaka.

"Na wewe, sasa mwite Mjomba," Bibi, mama yake Bi Mwajuma, alimwambia Shadya.

Shadya alitazama chini. Mjomba gani huyu, aliyekuwa akimnyang'anya ubuyu mwaka jana?

Maonyesho ya Nanenane yalikuwa yanakaribia. Bi Mwajuma alikwisha kupata meza na kuchapisha kadi zenye anwani ya tovuti. Mikidadi alitengeneza kurasa mpya za viungo, akaziweka kwenye kampuni nyingine ya mtandao. Jioni moja alikuja na kompyuta yake, akamketisha Shadya ubavuni kwake.

"Jina tunalo, nyumba mpya tunayo," alisema. "Zimebaki seva za majina. Hizo ni kompyuta zinazoelekeza watu: ukitafuta jina hili, nenda nyumba ile. Tunafuta za zamani, tunaandika mpya. Ni mbili, ili moja ikizimika nyingine ijibu. Haya, nisomee."

Shadya alisoma herufi kwa herufi. Mikidadi aliandika, akahakikisha, akahifadhi.

"Basi. Sasa hakuna kugusa. Taarifa husambaa polepole, pengine hadi keshokutwa. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Lakini kesho yake Shadya hakutulia. Aliosha vyombo nusu, akafungua simu ya mama yake. Akaenda kuteka maji, akarudi, akafungua tena.

"We Shadya," alicheka Neema, rafiki yake wa nyumba ya pili, "unachungulia simu kama mtu anayefunua wali kila mara! Wali wako hautaiva."

Alasiri ukurasa ulibadilika. Zilionekana kurasa mpya: iliki, karafuu, mdalasini, picha nzuri zenye rangi. Mjomba hakuwepo.

Shadya alipekua kurasa zote, hakumwona. Neno la siri alilijua, lilikuwa jina la mbuzi wa Mjomba. Akaingia pale Mikidadi alipoandika seva, akafuta mpya na kurudisha za zamani. Mara moja tu, alijiambia. Nimwone, kisha nirudishe.

Picha haikurudi. Akangoja kidogo, akazungukazunguka uwanjani, akatazama tena. Hakuna. Akaingiwa na hofu, akaandika zile mpya. Mara Neema akamwita: kwenye simu yao Mjomba anaonekana! Shadya akarudisha za zamani tena. Akaenda hivi, akarudi hivi, mpaka mwenyewe akasahau ameziachaje.

Siku mbili baadaye Mikidadi aliingia amekunja uso. Mnunuzi aliyepewa kadi alikuwa amepiga simu, akilalamika kwamba anaambiwa asubiri tu.

"Shadya, uligusa kitu?"

"Hapana."

Mikidadi aliipigia simu kampuni mpya. "Dada, mmeniharibia kazi!" alimfokea binti aliyepokea. "Mimi nilishamaliza kila kitu!"

Bi Mwajuma alikaa kwenye kigoda, bunda la kadi mapajani. "Basi tuiache," alisema taratibu. "Kaka yangu aliota ndoto yake, Mungu amrehemu. Kadi hizi nitawashia moto."

Shadya alizitazama zile kadi. Alikuwa akitafuta picha ya Mjomba, na sasa ndoto yake yote ilikuwa inakwenda jikoni.

"Msichome," alisema. "Mjomba, ni mimi. Mimi ndiye niliyerudisha seva za zamani."

Mikidadi aligeuka. Hakuwa amewahi kumsikia akimwita hivyo.

"Kwa nini?"

"Nilitaka kumwona."

Mikidadi akavuta kiti. "Ungeniambia tu, picha tungeihamishia nyumba mpya. Sasa kwanza nimpigie tena yule dada niliyemfokea bure. Nawe utamwomba radhi."

Shadya aliomba radhi kwenye simu. Kisha waliandika upya seva zile mbili, na picha ya Mjomba wakaiweka juu kabisa ya ukurasa wa kwanza.

Bibi, aliyekuwa ameshuka kutoka Kinole kwa ajili ya maonyesho, alikuwa akichambua pilipili manga kwenye ungo.

"Mjukuu wangu," alisema, "tulipompa huyu jina la Abeid, watu wa kijiji cha Tawa walijua siku ileile? Mpaka leo wapo wanaokuja kumwulizia marehemu. Je, kama kesho yake tungesema siye huyu, na keshokutwa tukasema ndiye, nani angetuelewa? Jambo likishatengenezwa, lipe muda lienee. Na ukikosea, sema mapema. Kosa ulilolificha limempiga binti wa watu kwenye simu, asiyekujua wala asiyekukosea."

Shadya aliiweka simu juu ya kabati, akaenda kumsaidia Bibi kuchambua.

Siku ya maonyesho, mama mmoja alichukua kadi, akaandika anwani kwenye simu yake, na kurasa zikafunguka.

"Huyu aliyeshika mdalasini ni nani?"

"Mjomba wangu, Abeid," alijibu Shadya.

"Na huyu anayenipimia iliki?"

"Naye ni Mjomba Abeid."

Siku hizi oda huingia kupitia tovuti, na Shadya huzisoma kila anapotoka shule. Neno la siri limebadilishwa. Si jina la mbuzi tena.